Viwanda vya korosho Lindi: Tanuri lipi, na moto wa nini?

KILA msimu wa korosho unapofunguliwa, malori yaliyosheheni magunia huteremka kutoka Liwale, Nachingwea, Ruangwa, Mtama na vijiji vya Kilwa kuelekea maghala makuu. Sehemu kubwa ya shehena hiyo hupakiwa melini ikiwa bado ndani ya ganda lake, safari ya India na Vietnam.

Kauli ya kwamba korosho ibanguliwe hapa hapa nchini imekwisha kuzoeleka masikioni mwa wakulima wa Kusini. Nyuma ya kauli hiyo lipo swali ambalo ni nadra kuulizwa hadharani: kiwanda kitapata wapi joto lake, na joto hilo litapita katika tanuri la namna gani?

Kubangua korosho ni kazi inayohitaji moto mara mbili. Moto wa kwanza huliandaa ganda ili lipasuke bila kuivunja punje. Wa pili huikausha punje ili utando wake mwekundu ulegee na kutoka. Mwenye kiwanda akikosea katika uchaguzi wa vyombo vya kazi hizo mbili, hulipa kosa hilo kila siku kwa kuni, kwa punje zilizoungua na kwa muda wa wafanyakazi unaopotea mezani.

Pwani hii si ngeni kwa matanuri. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na kasri la Husuni Kubwa, majengo yaliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Njia ya kale ya kupata chokaa katika mwambao ni kupanga magogo, kurundika matumbawe juu yake na kuwasha moto. Jiwe la namna hiyo haligeuki kuwa chokaa mpaka lipate joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi, na hata likichomwa kwa ukamilifu, tani moja ya jiwe safi hutoa kilo 560 tu za chokaa. Kiasi kinachobaki hupaa hewani kikiwa hewa ya ukaa.

Chumvi ni habari nyingine kabisa. Haihitaji moto mkali, kwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini inahitaji joto jingi mno. Maji ya bahari yana chumvi ya asilimia tatu na nusu hivi, hivyo kilo moja ya chumvi hupatikana baada ya kuyafukuza maji ya zaidi ya kilo 27. Kazi hiyo hula karibu megajuli 70 za joto. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli zipatazo 16, na jiko la wazi hulifikisha kwenye sufuria pengine moja ya tano tu ya joto hilo. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya chumvi iliyochemshwa moja kwa moja kutoka katika maji ya bahari ingekula kuni zaidi ya kilo 20. Ndiyo sababu mashamba ya chumvi ya Lindi na Kilwa hutegemea jua, na ndiyo sababu uchemshaji wa chumvi kwa kuni za mikoko ni uharibifu usio na faida hata kwa anayeufanya.

Mifano hiyo miwili inafundisha jambo ambalo wauzaji wa mitambo hupenda kulipita haraka. Ukali wa joto ni kitu kimoja, na wingi wa joto ni kitu kingine. Tanuri hununuliwa kwa kujua yote mawili, kisha kwa kuuliza swali la tatu: joto hilo linapaswa kusambaa kwa usawa kiasi gani? Kwa punje ya korosho, swali hilo la tatu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote.

Kabla ya kufika huko, ni vyema kukumbuka yaliyokwisha kujaribiwa. Tangu miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali ilijenga viwanda 12 vya korosho, vingi vikiwa Kusini, vikiwamo vya Lindi, Mtama na Nachingwea. Mitambo ilitoka Italia na Japani, na sehemu ya fedha ilikuwa mikopo ya Benki ya Dunia. Ilikuwa mitambo mikubwa, iliyopigiwa hesabu ya zao lililokuwa limevuka tani 140,000 katika msimu wa 1973/74. Zao hilo likaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, na mitambo ikakosa cha kubangua. Baadaye viwanda hivyo vilibinafsishwa, na baadhi vikageuzwa kuwa maghala.

Suala hilo lilirudi kwa kishindo Novemba 2018, wakati Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali ingenunua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kwenda kuisomba. Katika maagizo hayo, kiwanda cha Buko cha mjini Lindi nacho kilikabidhiwa kwa jeshi. Nchi ilikuwa na korosho nyingi mkononi, na ikadhihirika jinsi uwezo wa kuibangua ulivyokuwa mdogo.

Sasa, moto wa kwanza. Zipo njia tatu zinazofahamika.

Ya kwanza ni kuikaanga korosho juu ya moto katika karai au ngoma inayozungushwa. Ganda hushika moto, moshi mweusi hutanda, na punje hutoka ikiwa na madoa. Kwa korosho ya kuuzwa kituo cha basi njia hiyo inatosha, lakini haifai kwa kiwanda kinachotaka kuuza nje ya nchi.

Ya pili ni kuizamisha katika mafuta ya ganda lake yenyewe, yaliyopashwa moto hadi nyuzi 190 au 200, kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Ganda hukakamaa na sehemu ya mafuta yake hutoka, nayo ni bidhaa inayouzwa kwa watengenezaji wa rangi na breki za magari. Njia hiyo inafaa kiwanda kikubwa kinachofanya kazi mfululizo. Ni ghali kuianzisha, na mafuta hayo yakizidishiwa joto hutoa mvuke unaochoma macho na koo.

Ya tatu ni mvuke. Korosho hutiwa katika chombo kilichofungwa, mvuke kutoka kwenye boila ukapitishwa humo, kisha hutolewa na kuachwa zipoe kabla ya kupasuliwa kwa mashine ndogo za mkono au mguu. Punje hutoka nyeupe na moshi ni mdogo. Kwa kiwanda cha tani moja hadi tano za korosho ghafi kwa siku, ni vigumu kuona sababu ya kuchagua njia nyingine.

Hata hivyo, boila si sufuria. Pipa la mafuta lililochomelewa na fundi wa mtaani halina haki ya kuitwa boila, hata likitoa mvuke. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inataka vyombo vya mvuke na presha vikaguliwe, na kazi hiyo iko chini ya OSHA. Mnunuzi anapaswa kuona cheti cha majaribio ya presha, vali ya usalama inayofunguka yenyewe, geji, na kioo kinachoonyesha kina cha maji. Kimoja kikikosekana, bei nafuu haina maana.

Liko pia jambo la maji, ambalo husahaulika mpaka mwaka wa pili. Visima vingi vya mwambao vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa, na mengine yana chumvi. Maji hayo yakichemshwa katika boila huacha utando mgumu ndani ya mabomba, sawa na ule unaoonekana ndani ya birika la nyumbani. Utando huo huzuia joto kupita. Kuni huongezeka, mvuke hupungua, na mwishowe bomba hupata joto kupita kiasi na kupasuka. Mtambo mdogo wa kulainisha maji, au tangi la kuvuna maji ya mvua, unastahili kuwekwa katika bajeti tangu siku ya kwanza.

Moto wa pili ndio unaoamua bei. Punje ikishatolewa katika ganda huwa na unyevu wa asilimia tisa hivi, na hukaushwa mpaka ufike asilimia nne au pungufu. Kazi hiyo hufanyika katika oveni ya trei, ambayo katika biashara ya korosho hujulikana kwa jina la borma, kwa joto la takriban nyuzi 70 kwa saa sita hadi nane.

Wingi wa joto linalohitajika hapo ni mdogo kwa namna ya kushangaza. Tani nzima ya punje inapoteza maji ya kilo 52 tu, na kuyafukuza maji hayo, bila kuhesabu upotevu, huhitaji kiasi cha megajuli 135, yaani kilowati-saa 38 hivi. Oveni mbovu huweza kutumia mara nne au tano ya hapo, lakini hata hivyo si gharama ya kumfilisi mtu.

Kinachofilisi ni kukosekana kwa usawa wa joto. Katika soko la dunia, punje nzima nyeupe hupangwa kwa ukubwa: W320 maana yake ni punje zisizozidi 320 katika ratili moja, na W240 ni kubwa zaidi, tena ghali zaidi. Punje ileile ikipata rangi ya kahawia kwa kuungua hushuka daraja, na ikivunjika hushuka zaidi. Oveni yenye nyuzi 70 katikati na nyuzi 90 kwenye trei za chini, karibu na moto, huziteremsha daraja punje ambazo mkulima, mchukuzi na mpasuaji wote walizitunza vizuri.

Athari nyingine huwafikia wafanyakazi. Wengi wa wanaomenya utando ni wanawake, na malipo yao mara nyingi huhesabiwa kwa kilo. Punje ambayo haikukauka sawasawa hung'ang'ania utando wake. Anayemenya hulazimika kukwaruza kwa kisu, punje huvunjika, na kilo zake za siku hupungua. Tanuri baya hukata ujira wa mtu ambaye hakushiriki kulichagua.

Kwa hiyo, katika oveni ya kukaushia, mambo mawili hayana mjadala. Kwanza, moshi usiguse punje. Tanuri la moto liwe nje au chini, na hewa safi ipashwe joto kwa kupita pembeni mwa mabomba ya chuma yanayobeba moshi huo kwenda kwenye dohani. Pili, hewa yenye unyevu ipewe njia ya kutoka. Hewa ya Lindi na Kilwa imejaa unyevu wa bahari, na oveni iliyozibwa kila upande kwa nia ya kubana joto huishia kuzipika punje badala ya kuzikausha.

Feni husaidia sana kusawazisha joto, lakini hutegemea umeme. Umeme ukikatika wakati tanuri linawaka, hewa husimama na trei za chini huanza kuungua katika dakika chache. Oveni yenye feni, katika wilaya ambako kukatika kwa umeme si jambo geni, inahitaji mlango wa dharura wa kugeuzia joto litoke nje, au jenereta ndogo ya kuendesha feni peke yake. Wapo wanaopendelea oveni isiyo na feni na kuwapa wafanyakazi jukumu la kuhamisha trei za chini kwenda juu kila baada ya saa moja. Si njia ya kizamani kama inavyodhaniwa, mradi mwenye zamu asilale.

Linabaki swali la moto wenyewe, yaani nishati.

Kuni ndizo zilizozoeleka, lakini mikoko yote nchini ni hifadhi ya misitu na haikatwi bila kibali, na msitu wa bara ya Lindi nao hauvumilii kila kiwanda kipya.

Umeme ni safi na ni rahisi kuudhibiti. Kwa oveni ya kukaushia peke yake unaweza kuvumilika, hasa kwa kikundi kidogo. Kwa boila ya mvuke, kuutumia umeme kuchemsha maji ni kujitafutia ankara.

Gesi ya mitungi nayo ni safi, lakini huja kwa barabara. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, magari yalikwama pande zote mbili. Kiwanda kinachotegemea mtungi unaotoka Dar es Salaam kinapaswa kuwa na akiba ya kutosha kwa siku za namna hiyo.

Kisha kuna gesi asilia, na hapa mkazi wa Kilwa ana haki ya kununa. Gesi iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974. Mwaka 2004 ikaanza kusafirishwa kwa bomba linalopita chini ya bahari hadi Somanga, na kutoka hapo zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, ambako iliwasha matanuri ya saruji ya Wazo Hill na ya kiwanda cha vioo cha Kioo. Oktoba 2015 likazinduliwa bomba jingine kubwa, la inchi 36, kutoka Mtwara, nalo likapita katika Mkoa wa Lindi kwenda huko huko.

Bomba kupita mlangoni, hata hivyo, hakumaanishi kwamba mtu anaweza kuchomeka mpira na kuwasha jiko. Gesi husafiri kwa presha kubwa. Ili kiwanda kidogo kiitumie, panahitajika tawi, kituo cha kupunguza presha, mita na vifaa vya usalama, na gharama hizo haziwezi kubebwa na oveni chache za korosho. Zingebebeka iwapo viwanda kadhaa vingekaa eneo moja: korosho, kusaga na kukausha chumvi, samaki, pengine na chokaa. Huo ni uamuzi wa kupanga maeneo ya viwanda, ambao uko mikononi mwa halmashauri na Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC), wala si wa mwenye oveni.

Ushauri wa busara kwa anayejenga leo ni kutoipigia hesabu gesi ambayo haijafika, lakini pia kutojifungia nje. Oveni ambayo chumba chake cha moto kinaweza kufunguliwa na kuwekewa kichomea cha gesi, bila kubadili mabomba ya joto wala trei, hugharimu zaidi kidogo na huacha mlango wazi.

Nishati iliyo karibu kuliko zote ni ile inayotupwa. Tani moja ya korosho ghafi hutoa punje zisizofika robo tani, na ganda la kilo 650 hadi 700. Ganda kavu, kwa sababu ya mafuta yake, hutoa joto lisilopungua lile la kuni kavu za uzito uleule. Kwa hiyo kila tani inayobanguliwa huacha nyuma zaidi ya megajuli 10,000, kiasi kinachopita kwa mbali mahitaji ya boila na oveni za siku hiyo. Kwa maneno mengine, kiwanda cha korosho kinachonunua kuni kinanunua kitu ambacho kimerundikana nyuma ya ukuta wake.

Kasoro yake ni moshi. Mafuta ya ganda yana asidi kali inayobabua ngozi, na ganda likichomwa katika jiko la kawaida hutoa moshi wa kukera na masizi yanayonata ndani ya dohani. Dawa yake ni kulikamua ganda kwanza, mafuta yakauzwa, na makapi yanayobaki yakachomwa katika tanuri lenye hewa ya kutosha na chumba cha pili cha kuunguzia moshi kabla haujapanda. Mtambo wa kukamua si wa bei ya kikundi cha watu 20, lakini kiwanda kimoja cha kati kinaweza kununua ganda la vikundi vya jirani na kuvirudishia makapi. Asiye na uwezo wa kukamua walau asiliwashe ganda bichi katikati ya makazi, kwa sababu malalamiko ya majirani yanaweza kumletea maofisa wa mazingira mapema kuliko anavyodhani.

Ukubwa wa tanuri nao huponza wengi. Korosho huuzwa minadani katika miezi michache, na mwenye kiwanda anayetaka kufanya kazi mwaka mzima lazima anunue akiba ya mwaka mzima kwa mkupuo. Asiye na mtaji huo, akanunua mitambo ya tani kumi kwa siku, atabangua majuma machache na kufunga. Boila kubwa inayofanya kazi kwa theluthi ya uwezo wake hupoteza sehemu kubwa zaidi ya moto wake. Ni heri oveni tatu ndogo, ambazo mbili zinaweza kuzimwa, kuliko moja kubwa inayosubiri mzigo. Viwanda vya miaka ya 1970 vilikufa kwa sababu nyingi, lakini hiyo ilikuwa mojawapo.

Kuhusu mahali pa kununua, SIDO ina uzoefu wa mitambo midogo ya kubangulia, na kituo cha utafiti cha Naliendele mkoani Mtwara kimekuwa kikishughulika na korosho kwa miongo mingi. Mitambo mingi inayoagizwa hutoka India na Vietnam. Trei na kuta za ndani ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa upepo wa chumvi wa Lindi hula bati la kawaida kwa miaka michache.

Kabla ya malipo ya mwisho, oveni ijaribiwe kwa punje za mnunuzi mwenyewe, mzigo ukiwa kamili. Vipimajoto tisa huwekwa juu, katikati na chini, kila sehemu vitatu, na husomwa kila nusu saa hadi punje zikauke. Tofauti kati ya kinachosoma juu kabisa na kinachosoma chini kabisa ikizidi nyuzi tano au sita, fundi arudishwe kazini, na fedha zibaki benki.